Mistari ya Mkaa Samuye

Ukuta wa udongo wa kibanda kimoja cha pancha, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Tinde pale Samuye, ulikuwa na mistari ya mkaa upande wa ndani. Minne imesimama, wa tano umelala juu yao. Minne tena, na wa tano. Yakitimia mafungu manne, mkwaruzo mrefu ulipita chini na hesabu ikaanza upya. Mteja mgeni alidhani ni madeni ya watu. Wapo walioamini kwamba mzee mwenye kibanda anahesabu ng'ombe wake kwa siri, na kwa Msukuma wazo hilo halikuwa la kushangaza.

Ilikuwa hesabu ya kompresa.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: injini ya petroli ya Honda ya nguvu farasi 5.5, mkanda wa mpira, kichwa cha kubania hewa chenye silinda mbili, na mtungi wa chuma uliolazwa juu ya magurudumu. Umeme haukuwa umefika pale. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na habari hizi zinaanza Desemba 1997, mvua za El Niño zikila barabara. Mwandishi wa makala haya alikuwa na miaka 14, amemaliza darasa la saba, anasubiri majina ya kidato cha kwanza. Mama yake hakupenda kumwona amekaa. Akamshika mkono hadi kwa mzee huyo, ndugu wa mbali upande wa kikeni, akamwachia na furushi la michembe ya viazi vitamu.

Kijana alitegemea kufundishwa kuziba pancha. Kazi aliyopewa ni kuinama.

Chini ya mtungi, mahali panapotazamana na ardhi, kulikuwa na koki ndogo ya shaba. Kila jioni, injini ikishazimwa na upepo ukiwa umebaki kidogo tu, kijana aliinama, akaweka kopo la maziwa chini ya koki na kuifungua taratibu. Yalitoka maji. Hayakuwa maji safi: yalikuwa ya rangi ya kutu, yamechanganyika na oili, na mzee hakutaka yamwagwe ovyo kwa sababu kuku wa jirani walikuwa wakiyafuata. Wiki ya kwanza kijana aliamini kuna mtu anayetia maji ndani ya mtungi ili kumpima uaminifu. Alichunguza kila nati. Hakuona pa kutilia.

"Babu, haya maji yanaingilia wapi?"

"Umeyaleta wewe, ng'wanawane. Mashine inavuta hewa, na hewa hii ina mvua ndani yake."

Miaka mingi baadaye, akiwa kwenye kozi ya ufundi VETA, mwandishi alikaa na kalamu akaipigia hesabu kauli ile. Kompresa ya ukubwa ule huvuta hewa kama lita 200 kwa dakika, yaani mita za ujazo 12 kwa saa. Kwenye joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke wa maji. Siku ya masika hewa hubeba zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Ukiibana hewa ile mara tisa ikaingia mtungini na kupoa, nafasi ya mvuke hupungua mara tisa, na kinachozidi hugeuka maji. Kwa saa moja ya kazi mfululizo hutoka kiasi cha kikombe kidogo cha chai. Hata kiangazi cha Shinyanga, midomo ya watu ikipasuka kwa ukavu, bado mtungi hupata vijiko kadhaa.

Maji hayo yakilala ndani, hulala mahali pamoja tu: kwenye tumbo la mtungi, sehemu ya chini. Huko ndiko chuma kinakoliwa. Kwa nje rangi inang'aa, geji inasoma vizuri, mteja anajaziwa. Ndani chuma kinazidi kuwa chembamba. Mtungi wa namna hiyo hautoi taarifa siku utakapopasuka, na upepo uliobanwa ukifunguka ghafla hurusha vipande vya chuma. Ndiyo maana mafundi wanaopima mitungi huijaza maji na kuyasukuma kwa pampu badala ya kutumia hewa. Maji hayabaniki, hivyo ufa ukitokea yanachuruzika tu na hakuna anayeumia. Nchini Tanzania ukaguzi wa vyombo vya namna hii uko chini ya OSHA, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ingawa ni nadra kwa kibanda cha pancha cha kijijini kujiona kama mahali pa kazi panapohusika na sheria hiyo.

Turudi kwenye mkaa. Mzee alikuwa ametumikia ujana wake karakana za Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson baada ya ugunduzi wa mwaka 1940. Huko alizoea mitambo yenye kidude cha kuhesabu saa. Mtambo ulipofika saa fulani ulisimamishwa, uwe unalalamika au haulalamiki. Kompresa yake haikuwa na kidude hicho, na saa ya ukutani haikumfaa, kwa sababu kuna siku injini iliunguruma kutwa na kuna siku iliwaka mara mbili tu. Akatafuta kitu kinachokwenda sambamba na kazi, akakiona kwenye petroli. Aliijaza injini kidumu cha lita tano, akaitazama saa yake ya mkono kutwa nzima, akakuta kinakwisha baada ya saa tano hivi za kuunguruma. Kidumu kimoja, mstari mmoja. Mistari 20, saa 100. Na saa 100 ndizo ambazo kitabu cha injini zile kinataka oili imwagwe na kuwekwa mpya, au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Kwa injini mpya, au iliyofunguliwa na kufungwa upya, oili ya kwanza hutolewa mapema zaidi, baada ya saa 20. Hiyo ni mistari minne.

Mwandishi ameona vitabu vingi vya matengenezo tangu wakati huo, vyenye majedwali ya rangi. Hajaona kipimo kilichomkaa kichwani kama kile cha vidumu.

Oili ya injini ilitazamwa asubuhi, kabla ya kuvuta kamba. Mashine lazima isimame mahali tambarare, na kwa injini hizi kijiti cha kupimia huchomekwa bila kuzungushwa. Ukikizungusha, kinazama zaidi na kukudanganya kwamba oili imetosha. Injini ile hubeba kama lita 0.6 tu. Mtu anayeona nusu ya kikombe imepungua na kusema "si kitu" amepoteza karibu robo ya damu yote ya mashine. Wakati wa kubadilisha, oili ilitolewa injini ikiwa bado vuguvugu, kwa sababu ikipoa uchafu hutulia chini na kubaki. Plagi nayo ilifunguliwa ikatazamwa rangi. Kahawia ya ganda la karanga, injini ina afya. Nyeusi yenye masizi, inakula petroli kuliko hewa, au filta imeziba. Nyeupe iliyoungua, inachemka. Nafasi ya cheche mzee aliipima kwa kipande cha bati alichokitunza kwenye pakiti ya sigara. Kitabu kinataka milimita 0.7 hadi 0.8.

Kichwa cha kubania hewa kilikuwa na oili yake, na hapa ndipo mafundi wengi wa barabarani walipomcheka mzee. Aliifuata Shinyanga mjini oili maalumu ya kompresa, akaacha ile ya magari iliyojaa madukani Tinde. Watengenezaji wengi wa kompresa za pistoni huagiza hivyo. Oili ya magari ina dawa za kusafishia ambazo kwenye injini ni neema, lakini kichwa cha kompresa hakina filta ya kukamata takataka zinazoelea. Kwenye joto kali la hewa inayobanwa oili isiyofaa huungua na kuacha kaboni juu ya vibamba vya valvu, na kibamba kisichofunga vizuri hurudisha upepo ulikotoka. Utamwona mwenye kibanda analaumu injini haina nguvu, anafungua kabureta, ananunua plagi, na tatizo limekaa kwenye kibamba chembamba kama wembe ambacho hakuna aliyekumbuka kukifungua.

Kwa wateja wa baiskeli haya yote hayakuonekana. Shinyanga ni nchi ya baiskeli. Phoenix iliyobeba magunia mawili ya mkaa ilikuwa jambo la kila siku pale, na abiria juu. John Boyd Dunlop aliposajili tairi lake la upepo mwaka 1888, baada ya kulijaribu Belfast kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, hakuwaza mzigo wa namna hiyo. Baiskeli ilikunywa upepo kidogo ikaenda zake. Waliotesa mashine ni malori ya barabara kuu, yenye matairi ya kutaka paundi 110. Hapo injini iliunguruma hadi geji ikafika, kisha ile valvu ya kupumzishia ikafunguka na mlio ukashuka. Kijana alifunzwa kusikiliza mshuko huo. Usipokuja, unazima kwanza, unauliza baadaye.

Dereva mmoja wa lori, mwenye haraka ya Mwanza, alitaka valvu ya usalama ikazwe kidogo ili tairi lake lijae upesi. Mzee hakubishana. Alivuta pete ya valvu ile, mlio wake ukawafanya watu waliokuwa kwenye kibanda cha chai wageuke, akasema hiyo ndiyo sauti anayolipia. Pete ilivutwa kila Jumamosi, kwa sababu valvu isiyoguswa hushikwa na kutu ikaganda, na siku ya haja haifunguki.

Kosa kubwa la mwandishi lilitokea kiangazi cha 1999. Majina ya kidato cha kwanza yalikuwa yameshatoka na lake halikuwemo, na kibanda kikawa ndiyo shule. Agosti ya Samuye ni vumbi. Miongo ya ufyekaji na mifugo mingi iliuacha mkoa uchi kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuwarudisha watu kwenye ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu ili majani na miti viote upya. Ngitili zilirudi, lakini kando ya barabara ile ambayo kila lori lilisimama na kuondoka, vumbi lilibaki mfalme. Filta ya injini ilikuwa ya aina mbili pamoja: sponji kwa nje, karatasi kwa ndani. Sponji ilioshwa kwa maji ya sabuni, ikakaushwa kivulini, ikachovywa kwenye oili safi na kukamuliwa. Karatasi iligongwagongwa kwenye kiganja. Basi.

Siku ya kosa hilo mzee alikuwa msibani. Kijana aliona kugongagonga ni kazi ya kizee wakati mtungi mzima wa upepo uko mbele yake. Akaweka mdomo wa mpira kwenye karatasi, akabonyeza. Vumbi lilitoka wingu, karatasi ikawa nyeupe kama mpya. Alijisifu moyoni. Hakuona tundu lisilozidi punje ya mtama, kwenye kunjo la ndani.

Vumbi lenye mchanga linapoingia kwenye silinda hufanya kazi ya msasa. Baada ya majuma kadhaa moshi wa bluu ulianza, kwanza asubuhi tu, kisha kutwa. Kijiti cha oili kikawa kinashuka kila siku. Kamba ya kuwashia ikawa nyepesi mkononi, dalili kwamba ringi hazishiki tena. Mzee alifungua filta, akainyanyua juani, akaliona lile tundu linapitisha mwanga. Hakupiga kelele. Aliuza mbuzi wawili, injini ikapelekwa mjini kuchongwa silinda, na kwa siku tisa wateja wa Samuye walijaziwa kwa pampu ya mkono. Aliyepampu ni yule aliyetoboa. Mpaka leo mwandishi akisikia mtu anapuliza filta kwa kompresa, mabega yanamuuma.

Mwaka 2006 alikuwa kwenye machimbo, ukanda wa dhahabu wa Geita. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata, vijana wa Usukuma walizidi kumiminika pia kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, sehemu kama Nyarugusu na Rwamgasa, penye maduara ya kuchimbia, makarasha ya kusagia mwamba na mialo ya kuoshea dhahabu. Kompresa kubwa za dizeli zilikuwepo kwa wenye mitaji, kwa sababu jekihama ya kutobolea mwamba hutaka mita za ujazo mbili au zaidi za hewa kwa dakika. Kompresa ndogo ya petroli haifikishi hata nusu mita. Hiyo haichimbi. Kwenye duara ambalo mwandishi aliajiriwa, ilitumika kushusha hewa kwa mpira mwembamba hadi chini walipokuwa watu.

Isemwe wazi: kompresa ya pistoni haikutengenezwa kumpa mtu hewa ya kuvuta. Ina mvuke wa oili, na hewa yake ni chache. Kazi hiyo ni ya feni yenye bomba pana. Lakini feni inataka umeme, na mwenye duara alikuwa na kompresa.

Ilikaa chini ya turubai lililofungwa pande tatu kuikinga na mvua. Bomba la moshi la injini na mdomo wa kuvutia hewa wa kichwa vilitengana kama shubiri mbili. Mwandishi aliliona hilo siku ya kwanza, akamwambia mwenye duara isogezwe. Akajibiwa kwamba mvua itaiharibu. Akanyamaza, alikuwa mgeni, na mshahara ulikuwa bado. Oili alibadilisha, filta aligongagonga, maji alimwaga, na kwa wiki tatu aliamini mashine imetunzwa.

Kisha alasiri moja upepo uligeuka na kuanza kuingilia upande wa turubai uliokuwa wazi. Moshi ukarudi ndani, kichwa kikauvuta, mpira ukaushusha. Wa kwanza kulalamika alisema kichwa kinamgonga. Wa pili hakusema kitu; miguu ilimkatika akiwa ameshika gogo la matimba yanayozuia kuta za duara. Walivutwa kwa winchi ya mti mmoja baada ya mwingine, wakalazwa kwenye hewa wazi, wakatapika, na jioni wakafikishwa zahanati wakiwa hai. Mwenye duara alisema ni njaa.

Haikuwa njaa. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wakati huo mwandishi hakulijua hata jina lake. Angeweza kujifunza kwa wengine: miaka minne kabla, Juni 2002, wachimbaji wa tanzanaiti zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa chini ya ardhi huko Mererani, na habari za wakati ule zilitaja mashine ya kuwapelekea hewa iliyoshindwa kufanya kazi. Habari hizo zilisomwa redioni Samuye kibandani, kijana na mzee wakisikiliza wote. Hakuna aliyegeuza macho kuitazama kompresa iliyokuwa mbele yao.

Kesho yake turubai lilifunguliwa. Kompresa ilisogezwa hatua kumi kutoka kwenye mdomo wa duara, bomba la moshi likaelekezwa kule upepo unakokwenda, na mdomo wa kuvutia hewa ukaongezewa bomba la plastiki lililonyanyuliwa juu ya nguzo upande wa pili. Kwenye ile nguzo alifunga kipande cha kitambaa. Kikigeuka, injini inazimwa na watu wanapanda. Mvua iliinyeshea kompresa mara mbili tatu na haikuharibika. Mwandishi aliikaza nati ya mwisho akijua kwamba yale yote aliyokuwa akiyafanya kwa bidii wiki tatu yalihusu maisha ya mashine tu, na kwamba mistari ya mkaa aliyoanza kuichora kwenye gogo la matimba haikuwa na mstari wowote wa wale waliokuwa chini.

Aliondoka machimboni mwaka uliofuata, akaenda VETA. Mzee alifariki baadaye, lakini kabla ya hapo aliufanyia mtungi wake jambo ambalo majirani walilishangaa. Alipoona kwa kuugonga nyundo kwamba mlio wa tumboni umekuwa mfu, hakuuza, hakuweka kiraka. Aliutoboa makusudi ili asitokee mwingine wa kuutumia, kisha akaukata kwa urefu. Nusu moja ikawa birika la kunyweshea mbuzi. Ukichungulia ndani yake wakati maji yamepungua, unaona mstari wa vishimo vya kutu ukipita katikati kabisa ya tumbo.

Kibanda sasa kina ukuta wa tofali na plasta, rangi ya mtandao wa simu. Mjukuu ndiye anayekiendesha. Ana kompresa ya umeme, na nyuma yake iko ya petroli, mpya, kwa siku ambazo umeme umekatika. Na bodaboda hazisubiri umeme urudi. Mwandishi alipopita hapo alitafuta mistari, hakuona hata alama. Alimuuliza mjukuu huyo anajuaje muda wa oili umefika.

Kijana alifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Petroli yake huilipia kwa simu, kidumu kwa kidumu, na ujumbe wa malipo haufuti. Akaanza kuupandisha kwa kidole gumba huku midomo ikihesabu, wa mwisho, uliotangulia, ule wa juzi, mpaka alipofikia siku aliyomwaga oili mara ya mwisho.

"Kumi na saba, mjomba," alisema, akairudisha simu mfukoni na kuinama kutafuta kopo. "Bado vitatu."